Mafuta Kwenye Tairi Mpya

Jumanne, 3 Desemba

Mwanangu Mumo ametoka kumwaga uji wake wote kwenye mguu wa mbuzi. Ati mbuzi anachechemea, anahitaji dawa. Nimecheka, nimemkorogea mwingine.

Pikapu haijatoka leo. Tairi zimeisha meno, laini kama sufuria. Wiki iliyopita nilikwama kwenye mchanga wa mto na maembe hadi juu. Shemeji yangu Kyalo akanivuta na ng'ombe wake wa kulima. Watu walikuja kuangalia kama ni harusi.

Musyoka, mume wangu, yuko Mombasa kwa kazi ya ujenzi. Alipiga simu. Hakunigombeza. Alisema atatuma pesa ya tairi mpya, lakini nikikwama tena nimpe Kyalo ufunguo. Nina hasira mpaka sasa. Hii gari naendesha mimi tangu Mumo aanze kutembea.

Pesa imefika. Nafasi ni moja.

Jumatano, 4 Desemba

Kitui, duka la tairi. Kyalo alikuja, ati kunisaidia kuchagua.

Kuna za lami tupu, kimya na laini. Hizo nilikataa mara moja. Kuna za matope, meno makubwa yameachana, kama zile Kyalo alinunulia gari yake mjini Wote. Na kuna za katikati, zimeandikwa A/T ubavuni, za lami na barabara mbaya kiasi. Kyalo alitaka za matope. Alisema hizo zingine ni za mwalimu wa kwenda kanisani. Duka lote likacheka.

Nikawaza njia yangu. Nyumbani ni murram, udongo wa changarawe, na ule mto. Lakini kutoka soko la Kwa Vonza hadi hapa ni lami, na Mumo hukaa kando yangu. Za Kyalo zinalia kwenye lami kama nyuki, na mvua ikinyesha zinateleza. Nimepanda, najua. Kwenye mchanga zinachimba tu. Mto wetu ni mchanga, si matope.

Nikachukua A/T, saizi ile iliyoandikwa kwa mlango wa gari. Nikalipa.

Tulifika nyumbani, Kyalo akashuka kwanza. Halafu akasema, "Mama Mumo, wacha nikagonge msumari ukutani kwangu. Wa kutundika ufunguo."

Alhamisi, 5 Desemba

Mama mkwe, Mumo humwita Susu, yaani nyanya, nami pia, alisema gari haitoki bila maombi. Jioni akina mama wa kanisa wakaja. Walizunguka pikapu wakiimba. Nililia kidogo. Ilikuwa nzuri.

Halafu Susu akatoa chupa ya mafuta ya kupikia, yameombewa. Nilidhani atagusa boneti. Akapaka tairi. Pale pa kukanyaga. Akasugua katikati ya meno kwa kiganja, pole pole, kama anampaka mtoto aliyetoka kuoga. Zote nne.

Muuzaji alinionya tairi mpya huteleza siku za kwanza hata zikiwa safi. Sasa hizi! Mawingu yamejaa. Mnunuzi wa maembe ananingoja kesho.

Naogopa lami. Naogopa Susu. Naogopa Mungu pia.

Ijumaa, 6 Desemba

Niliamka mapema kuliko wote. Jivu, sabuni ya kipande, brashi ya nguo. Nikasugua tairi moja moja. Nilimwambia Mungu natoa mafuta, maombi ayaache.

Kugeuka, Susu amesimama mlangoni na leso mabegani. Aliziangalia tairi. Akarudi ndani. Afadhali angenitukana.

Tulipomaliza kupakia maembe akapanda mbele, akampakata Mumo. Hakuna aliyemwalika. Hakuniangalia.

Mtoni Kyalo alikuwa ng'ambo na ng'ombe wake, nira shingoni, mnyororo tayari. Hakuna aliyemwita yeye pia. Nilishuka nikapunguza upepo kwa tairi, muuzaji alinieleza tairi ikilala kidogo haizami. Kyalo akapiga kelele kutoka ng'ambo, ati kumbe napeleka gari bila pumzi. Watu wakacheka.

Gia namba mbili. Pole, bila kusimama. Katikati usukani ukawa mzito, nyuma ikaanza kushuka. Mguu wangu ukatafuta breki wenyewe. Susu akanishika goti.

"Enda, mwanangu. Usisimame."

Sikusimama. Ikavuta, ikavuta, ikapanda ukingo. Kyalo alisogeza ng'ombe wake tupite.

Kwa Vonza nikajaza upepo. Mvua ikaanza. Mbele kidogo lori likasimama ghafla, katikati ya barabara. Nikakanyaga breki na mzigo wote nyuma. Tairi zikashika. Tulisimama karibu sana, ningeweza kuhesabu kutu kwenye bampa. Mumo hakuamka hata.

Nilitoa gari kando, nikazima injini. Susu alimfunika Mumo kwa leso.

"Na yale mafuta tungekuwa chini ya hiyo lori," akasema. Halafu, "Usiwaambie akina mama."

Jumapili, 8 Desemba

Susu ametoa ushuhuda kanisani. Mungu amelinda tairi zetu. Sabuni hakuitaja. Niliangalia chini, nikasema amina kwa nguvu.

Baada ya chakula Kyalo akaja. Alizunguka pikapu, akapiga tairi teke kidogo. Akauliza nilipunguza upepo kiasi gani. Nilimwonyesha. Mambo ya ufunguo hakutaja.

Musyoka amepiga simu. Kumbe Kyalo mwenyewe alimweleza tulivuka. Aliuliza tu kama tairi zinalia kwenye lami. Nimesema hapana. Akasema sawa, basi endelea.

Basi endelea. Nimeandika hayo maneno hapa ili niyaone.

Mvua imekatika. Mumo amelala, mdomo wazi. Nikipata mzigo wa kupeleka Wote mwezi ujao nitambeba akamwone mama yangu, na tukikuta mto umejaa tutangoja tu upungue. Susu ananiita. Yuko ndani ya pikapu, ameketi upande wa usukani, anauliza namba moja iko wapi.