Kioo cha Abeid Huzamishwa Mtungini Kwanza

Bweni, Ijumaa, mwezi kumi na nne Mfungo Saba, mwaka 1329, ambao Wazungu wanauhesabu 1911. Alfajiri mvua ya masika ilinyesha kwa nguvu, kisha ikakatika ghafla. Jua likatoka jeupe, na makuti ya mapaa yakaanza kufuka mvuke.

Abeid bin Ussi, mwaka umetimia tangu ulipotutoka. Leo mkeo Kidawa aliamka kabla ya adhana, akachota maji, akajaza mtungi ulio kando ya kitanda chako kama afanyavyo kila siku. Hakuna anayeyanywa maji hayo. Akauliza, "Umeamkaje, mume wangu?" Akangoja kidogo, ndipo akaenda kutawadha.

Tunakuandikia sisi jamaa zako. Anayeshika kalamu ni Shaibu, mdogo wako, aliyeanza kusoma akiwa na mvi kichwani. Baada ya Magharibi hukaa kwa Mwalimu Zahor, akifuata mstari kwa kidole. Herufi zikikosewa tusamehe; tumeanza kwa Bismillahi, na Mola anajua tulichotaka kusema.

Ulikwenda bara kujifunza kazi ya hospitali kwa madaktari wa Kidachi, wale Wajerumani. Ulirudi na mkoba wa ngozi, makasi, vitambaa vya vidonda na kioo kidogo cha duara. Watu tunakukumbuka zaidi kwa swali lako. Mtu akija na jipu, "Umekula nini?" Mtu akija kaanguka mnazini, "Umekula nini?" Jirani yetu Mwanamkuu alikuja siku moja amevunjika mguu, ukamwuliza hivyo hivyo. Akasema, "Usiponifunga mguu huu sasa hivi, Bwana Umekulani, nitakula na mkoba wako!" Jina likakuganda. Hata wewe ukawa unaitika.

Swali hilo hukulitoa bara. Ulilipata hapa hapa, nyumbani kwa Jumanne, nasi tunalisimulia kama ulivyotaka lisimuliwe, bila kulifunika.

Ulikuwa mwaka wako wa kwanza wa kazi, wakati wa kaskazi, jua la adhuhuri likiunguza. Jumanne, mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka, alikuwa amekula bunju, yule samaki mwenye sumu anayejijaza upepo akivutwa. Kwao walikuwa na mila ya kumwonjesha paka kwanza: paka akiwa mzima, na watu hula. Siku hiyo paka alikula, akaenda zake, wakahesabu kuwa ni mzima. Kumbe alikuwa amekufa nyuma ya jiko. Midomo ya Jumanne ikafa ganzi, kisha ulimi, kisha miguu, mwisho akalala kama gogo.

Ulipofika ulimwuliza mkewe, Nunu, ameshikwa na nini. Nunu akaona haya mbele ya majirani. Mwanamke gani anataka isikike kwamba amempikia mumewe bunju? "Homa tu," akasema. Ukatoa kioo mkobani, na mkoba ulikuwa umechomwa na jua njia nzima. Ukakiweka puani kwa Jumanne ukitafuta ukungu wa pumzi. Kikabaki kikavu. Ukarudia. Kikavu. Ukasema, "Basi. Innalillahi."

Akaitwa Matano, mwosha maiti wetu, rafiki yako. Udi ukafukizwa, maji yakaletwa. Matano hajapata kunyamaza hata mbele ya maiti. Aliinua mkono wa Jumanne aoshe kwapa, akasema, "Mwenzetu huyu maji aliyajua ya baharini tu." Mkono ulipopanda, kifua kikavuta pumzi. Uliposhuka, kikaitoa.

"Matano, usiuache mkono huo!" ulipiga kelele.

"Niuache niende wapi, na miguu yangu imekufa kuliko yake!"

Ndipo ulipokumbuka ulivyofundishwa kumrudishia pumzi mtu aliyezama: mikono juu, mikono chini kifuani, bila kukoma. Mkapokezana, wewe na Matano na wanaume wa mtaani, mpaka kesho yake Jumanne akachezesha kidole. Alipopata ulimi hakuanza kwa salamu. "Matano," akasema, "kwapa langu lina nini?" Watu wakacheka huku wanalia. Kisha akakugeukia wewe. "Nilikuwa nimo humu humu, Abeid. Nilikusikia ukisema basi."

Siku ile hukutia chakula kinywani. Ulikaa uani, ukakianika kioo juani, ukakipulizia kwa kinywa chako mwenyewe, wewe mzima unayepumua. Hakikuonyesha kitu. Ukakizamisha mtungini, ukakifuta kwa kanzu yako, ukapuliza tena. Kikajaa ukungu. Kioo chenye moto hakishiki pumzi. Huko ulikofundishwa, chumba kilikuwa cha kivuli na ukuta wa mawe, na jambo hilo halikuwahi kumpitikia mtu.

Tangu hapo uliingia nyumba moja baada ya nyingine, ukaanza kila mara kwa kosa lako, kisha ukafundisha. Kioo huzamishwa mtungini kwanza. Mke huulizwa faraghani, kwa upole, mumewe amekula nini, na haulizwi mara moja tu. Mtu aliyepoa baada ya kula kitu cha baharini haambiwi basi mpaka mwili wenyewe useme, uanze kuharibika. Na wakati wote huo mtu mmoja hukaa sikioni mwake na kuzungumza naye, kwa sababu aliye kimya huenda anasikia.

Wapo walionung'unika kwamba maiti huharakishwa. Mwalimu Zahor akawajibu, "Huharakishwa maiti. Hatuharakishi kumfanya mtu maiti."

Homa ilipokuchukua wewe, Kidawa alifanya kama ulivyofundisha. Alikizamisha kioo, akakifuta, akakuwekea. Kikavu. Akaweka kinywa chake sikioni mwako, akakuambia habari za mvua, za kuku aliyetaga kitandani kwa wifi yake, za paa la jikoni ambalo Shaibu aliapa ataliezeka na hakuliezeka. Matano alikaa nje ukingoni mwa baraza na ndoo yake, kimya, kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Hakuna aliyemhimiza mkeo. Mwili wako ulipokwisha kusema wenyewe, Matano alichungulia mlangoni.

"Shemeji," akasema taratibu, "neno lililobaki si langu. Ni lako."

Kidawa hakulisema. Alisogea tu, akampisha.

Alikaa eda yake yote bila kuinua sauti. Kioo alikizungushia kitambaa cha kanzu yako, akakilaza kifudifudi sandukuni. Alipotoka eda tulidhani atatoka na kwenye ule ukimya. Hakutoka. Dada yako Mwatima alimhamia alale naye, akarudi kwake baada ya siku chache. "Siwezi," alituambia. "Anazungumza na kitanda, halafu ananiinulia kidole ninyamaze, asikie kama kitajibu." Nyumba ambayo watu walipiga hodi asubuhi na jioni, sasa husikika mvua tu. Uliwafundisha wengi kwamba aliye kimya huenda anasikia. Hukumfundisha mkeo atajuaje kuwa hasikii tena.

Mfungo Nne, Bimkubwa, mama yake Nunu, alikula nyama ya kasa akapoa ghafla. Wakaja kuomba kioo. Kidawa alizisikia hodi, hakuitika. Wakamzika bibi yule kwa kukisia. Pengine walikisia sawa. Mungu ndiye ajuaye.

Baada ya matanga Matano alikuja, akakaa kizingitini.

"Shemeji, nimeosha watu umri wangu wote, sijapata kuogopa. Bibi yule niliinua mikono yake nikikitazama kifua mpaka macho yakauma. Sikuona kitu. Lakini kioo sikuwa nacho, na sasa silali."

Kidawa akamjibu, "Pumzi ya mwisho niliyoingoja juu ya kioo kile ilikuwa ya mume wangu. Kikishika ya mtu mwingine, itakuwa nimemwambia Abeid basi."

"Na kikikaa sandukuni," akasema Matano, "iko siku tutamwambia basi mtu aliye hai. Nami sioshi tena bila kioo. Watafute mwosha mwingine."

Akaondoka. Hakuosha mtu mpaka leo, nasi tumeishi tukiomba asife mtu.

Leo tumekusomea hitima. Kidawa alipika wali mwenyewe, akawapakulia watu, yeye hakula. Dua ilipokwisha aliingia ndani. Tulimsikia anafungua sanduku. Alitoka na kioo, na mkono wa pili kabeba ule mtungi wa kando ya kitanda chako, akautua katikati ya mkeka mbele yetu sote. Akakizamisha kioo katika maji yale yasiyonywewa. Akakifuta kwa kile kitambaa cha kanzu yako.

"Jumanne," akaita, "njoo wewe."

Jumanne akapiga magoti, mtu mzima mwenye ndevu, akapuliza. Kioo kikajaa ukungu. Kidawa akakitazama mpaka ukungu ukaanza kuondoka pembeni, ukaisha na katikati. Kisha akainama kidogo, kama mtu anayesema na sikio lililo karibu, tukasikia kwa shida: "Basi, mume wangu. Basi."

Matano alifunika uso kwa kofia yake. Alipoifunua akasema, "Haya shemeji, kesho nachota maji ya kuoshea," nasi tukamcheka, Mungu atusamehe, machozi yakitutoka.

Abeid, tunaokutaja katika kila sala ni mkeo Kidawa binti Mfaume. Nduguzo Shaibu na Mwatima. Rafiki yako Matano. Jumanne na Nunu, wenye kuishi kwa Mungu na kwa mikono yako. Mwalimu Zahor na watu wote wa Bweni mpaka Ras Mkumbi. Mola alipanue kaburi lako, akutilie nuru. Siku zote zilizobaki kwetu umo vinywani mwetu.

Na haya ndiyo aliyoyasema mkeo, amesimama, sauti juu, mbele ya wote hao:

"Nyinyi ni mashahidi, na Mungu ni shahidi juu yenu. Kioo hiki ni cha Bweni. Nikiitwa nitakwenda, iwe mvua iwe jua. Nitakizamisha kwanza. Nitakaa sikioni mwa aliyelala nizungumze naye, nisichoke, kama nilivyozungumza na Abeid. Na maadamu ninapumua, hapana atakayezikwa mji huu kwa neno la haraka."