Waya wa Maabara

Migori, Jumapili

Omera, ndugu yangu Okoth,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani Mfangano. Goti lako limepona? Na shemeji, bado anakohoa upepo ukivuma? Mimi sitakuficha: chooni sifiki bila binti yangu kunishika mkono. Daktari hataji siku zilizobaki, nami simwulizi.

Barua yako imefika. Unasema msimamizi wa hospitali alikuja mpaka kwako akaahidi gari la kunileta nyumbani, mradi niifungulie ofisi yake ile kompyuta kabla sijafa. Jibu ni hapana. Acha nikueleze, maana hata wewe nilikwambia ni radi iliyoikatia ofisi.

Nilipostaafu kufundisha hesabu, hospitali ilinipa kazi ya kutunza seva, kompyuta kuu yenye majina ya wagonjwa na majibu ya damu zao. Ina nyaya mbili, na kila waya una anwani yake. Mmoja unakwenda maabara, mwingine ofisini. Msimamizi aliniambia, "Jaduong', mzee wetu, wacha isikilize kote, ijibu maabara na ofisi pia. Hapa sisi sote ni watu wa Mungu." Nilipenda kusifiwa uzeeni. Nikaiacha isikilize kote.

Unakumbuka boma la baba lilikuwa na lango moja, na aliyetoboa ua wa miti ya ojuok ili apite njia ya mkato alichapwa. Basi mimi nilitoboa ua.

Siku moja akaja mwalimu niliyemfundisha zamani, amekunja leso mkononi. "Mwalimu, mama anayeuza dagaa wa omena sokoni amenipa pole. Pole ya nini?" Alikuwa bado hajaitwa kuchukua majibu yake. Nikajua majibu hayo yamesomwa ofisini yakatoka nje. Siku hizi yuko Lambwe kwa dada yake, na kazi ameacha.

Asubuhi iliyofuata nilibadilisha mstari mmoja tu wa maagizo yake: seva isikilize anwani ya waya wa maabara, basi. Ofisi ikaita, ikakosa jibu. Msimamizi akanijia.

"Mzee, mashine yako imetukataa?"

"Imewakataa."

"Kwa nini?"

"Labda ni radi ya juzi."

Huo uongo ni wangu. Niliogopa kufukuzwa. Sasa nani atanifukuza? Neno la siri nimemwachia mkuu wa maabara. Amesema, "Hata wakiniletea askari, nitawapa chai ya kunywa, neno hilo hawalipati."

Kwa kuuacha ua wazi, na kwa uongo ule, nimemwomba Mungu msamaha. Kwa kuufunga siombi.

Gari abaki nalo. Nikifa, nileteni juu ya lori la mahindi mpaka ziwani, kisha mashua itanivusha.

Nisalimie shemeji, dada yetu mkubwa wa Kendu Bay, na yule mzee wa kanisa anayesinzia wakati wa mahubiri. Siku ya mazishi msimamizi atasimama aseme nilikuwa mtumishi mtiifu. Mpe barua hii aisomee watu kwa sauti. Akishindwa, mwambie akae chini.

Ni mimi ndugu yako mkubwa,
Odhiambo