Mahindi ya Upande Wako

Mama Anjela,

Maharage yameiva, ongeza chumvi tu. Kuku uwafungie mapema.

Asubuhi nimepita shambani peke yangu. Upande wako, uliotia mbolea ya kupandia, mahindi yamenifika mabegani. Upande wangu, niliosema urea ya kukuzia inatosha, yako magotini na majani yamekuwa ya zambarau. Magunia ya kuuza mwaka huu yatatoka kwako. Ulinieleza mapema, nikakujibu kwamba mwanamke hajui mbolea. Tangu siku ile tunapishana humu ndani kama wapangaji.

Nimeenda Iringa kumuuliza bwana shamba kama yangu yanaweza kuokolewa. ~~Nitalala kwa dada, narudi Jumapili.~~ Narudi leo jioni. Nikifika, naomba uniambie neno lolote, hata la kunigombeza.

Baba Anjela