Tairi za Njia ya Malindi

Kambini, Mombasa
9 Agosti 1992

Baba yangu,

Kabla sijakuamkua nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, si Mama, si Layla ninayelala naye mkeka mmoja. Tairi alizokuchukulia nahodha Fumo wiki iliyopita si zile ulizoniagiza. Nililijua hilo pale pale dukani. Nikalipa, nikazibeba, nikanyamaza.

Sasa shikamoo, Baba. Nakubusu mikono, na Bibi nambusu miguu yake isiyosimama. Sisi tu wazima. Kikohozi cha Mama kimepungua, na turubai letu halivuji tena upande wa kulala. Hofu yetu ni nyinyi mliobaki.

Barua yako niliisoma mpaka nikaihifadhi. Tairi mbili pana, za meno makubwa yaliyoachana, za kupita mchangani. Kwa sababu barabara ya juu ina vizuizi vya wenye bunduki, na njia iliyobaki ya kumtoa Bibi Kismayo ni ufukweni, kwenda kusini mpaka pale panapotazamana na kisiwa chetu cha Chovai, ambapo mashua ya Fumo huweza kukaribia bila kunyang'anywa. Yote hayo niliyaelewa. Njia nzima nilikuwa nasoma kimoyomoyo kama sura ya chuoni: "Nataka tairi mbili za pikipiki, za mchangani. Nataka tairi mbili za pikipiki, za mchangani."

Duka la spea halikuwa na mwanamke ila mimi. Na kwenye kaunta ameegemea askari, anangoja kebo ya breki. Wajua sisi wakimbizi haturuhusiwi kutoka kambini bila karatasi. Mimi sikuwa nayo.

Muuzaji akasema, "Haya dada, tairi za kwendea wapi?"

Nikasema, za mchangani. Midomo ilifunguka, sauti haikutoka.

"Inua sauti! Hapa si posa, ukinyamaza hatujui kama umekubali."

Watu wakacheka. Yule askari akageuka, akanitazama kuanzia buibui mpaka viatu. "Kwani nyinyi wenyeji wa wapi?"

Nikasema Malindi.

Baba, mimi Malindi sijapata kufika. Jina lake nimelisoma ubavuni mwa basi. Na ulimi niliuuma nisije nikateleza nikasema mchu, kwa Kibajuni chetu, badala ya mtu, akanijua. Yule muuzaji akapiga makofi: "Malindi! Basi mchanga wa nini? Malindi ni lami mwanzo mpaka mwisho." Akanitolea mbili nyembamba, ngumu, zenye mistari kama ya kitambaa cha suti. "Hizi utakwenda Malindi na kurudi mpaka wajukuu wako waoe." Na nyuma ya kichwa chake naziona zile za meno zimening'inizwa ukutani. Kidole tu kingetosha. Sikukinyanyua.

Nilirudi na moja bega hili, moja bega hili. Mama akawaita majirani waone. "Zakia wangu huyu, asiyeweza kuomba hata chumvi, kaenda mjini peke yake!" Nikaacha anisifu.

Usizitie, Baba. Barua hii itakuja na mashua ijayo, sijui lini. Uniwie radhi.

Mwanao,
Zakia


Kismayo
17 Agosti 1992

Kwa binti yangu Zakia,

Nakusalimu, na mama yako, na kila aliyekuombea dua siku ile ulipokwenda mjini. Sisi ni wazima kwa uwezo wa Mola, ingawa jana walipigana tena huko bandarini na kuku wamekataa kutaga. Bibi yako yu mzima wa ulimi. Miguu ndiyo ile ile.

Tairi zimefika! Fumo alizishusha pwani, zikapanda lori la mahindi. Lori zenyewe hazimpakii Mbajuni, kwa kuwa hana ukoo mkubwa wa kumtetea njiani. Lakini tairi haziulizwi ukoo. Zimepita vizuizi vyote zimelala juu ya magunia kama mabibi harusi.

Jaafar fundi ndiye aliyezitia. Alizishika, akazigeuza, akasema, "Famau, mwanao kakununulia viatu vya ofisini." Nikamwambia, nyamaza, wewe hata ndala huna. Zile za zamani zilikuwa kipara kama kichwa chake, nyuzi nje. Hizi zang'aa, mwanangu. Zanukia duka.

Pikipiki bado naificha vipande vipande, injini iko chini ya banda la kuku. Lakini juzi tuliiunga, nikamketisha Bibi nyuma, nikamfunga na mgongo wangu kwa leso mbili, tukazunguka uani mara tatu. Akanipiga kichwani: "Polepole, we Famau! Mimi si gunia la papa!" Kisha akacheka. Hajacheka hivyo tangu waliponinyang'anya mashua yangu.

Nangoja bamvua la mwisho wa Septemba, mwezi ukiandama, maji yatoke mbali. Fumo amekubali kuipakia na pikipiki pia. Nikiwa nayo hapo Mombasa nitabeba watu, nitabeba samaki, hatutapanga foleni ya unga.

Umefanya kazi ya mtoto mkubwa. Nakuombea.

Babako,
Famau


Kambini, Mombasa
5 Septemba 1992

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na Bibi shikamoo yake. Hali zetu ni njema, ila yangu.

Barua yako imefika jana. Umezitia! Basi ile yangu ya Agosti haijakufika? Au imekufika ukanionea huruma? Kama bado, nakuandikia tena kwa ufupi: tairi hizo ni za lami, nilijua, niliona haya na niliogopa, nikasema naishi Malindi.

Leo asubuhi nilirudi dukani. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka jua likanipata. Askari hakuwapo. Muuzaji akaniona, akapaza sauti, "Dada wa Malindi! Zimeshakwisha?" Nikavuka. Nikamwomba anibadilishie.

"Zilete tu."

"Siwezi. Ziko Kismayo."

Nililitamka, Baba. Yule mtu akaacha kupanga boliti zake. Akanitazama, lakini si kama askari.

"Ungesema, mwanangu," akaniambia. "Bibi yangu mzaa mama ni Mbajuni wa Kiwayu. Ningemtuma huyo askari akanunue chai."

Nikalia mbele za watu, mimi. Yeye akajifanya anafuta kaunta. Kisha akanieleza niandike, na haya ni maneno yake: upepo upunguzwe mpaka tairi ukiibonyeza kwa dole gumba itii. Usitoke kwenye mchanga mbichi, ule mgumu ulioachwa na maji. Ukipanda kwenye mchanga mkavu, tairi hizo ni kisu, zitachimba. Akasema pia kwamba na mzigo wa watu wawili, yeye asingethubutu.

Mimi naomba usithubutu. Zile za meno bado ziko ukutani. Mama ana bangili moja. Ukinipa ruhusa nitamweleza ukweli auze, nikuletee zinazofaa. Ngoja bamvua jingine. Nijibu, Baba.

Mwanao,
Zakia


Kismayo
26 Septemba 1992

Zakia binti yangu,

Barua zako zote mbili nimezipokea kwa pamoja, siku tatu zilizopita, mkononi mwa mtu mmoja. Sisi ni wazima mpaka saa hii ninayoandika.

Barua hii naifunga ndani ya leso ya bibi yako. Huenda ukaisoma nami nimekaa mbele yako nakunywa chai. Basi ukiisoma usinitazame, nami sitakutazama. Uso kwa uso wewe utaangalia mkeka na mimi nitaanza kusema habari za samaki, ndiyo maana naandika.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Mchu aliyeendesha pikipiki miaka kumi na tano asijue tairi? Sikuandika kwa kuwa nilidhani umedanganywa, nikasema mtoto atajilaumu. Kumbe wajilaumu tayari.

Sikia. Mwaka jana, walipotupanga ukutani hapa mtaani na kuuliza kila mtu ni nani, mimi nilisema kwa Kisomali kizuri kwamba Wabajuni siwajui, na Chovai sijapata kuisikia. Chovai, nilikozikiwa baba! Hilo sijamwambia mama yako. Wewe umeukana mji mbele ya askari mwenye kebo ya breki. Mimi nimekikana kisiwa mbele ya bunduki. Tuko sawa, mwanangu, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Bangili ya mama yako iache mkononi. Siwezi kungoja bamvua jingine. Nyumba ya Jaafar wameichukua juzi, yeye hajulikani alipo, na yetu ni ya pili yake. Upepo nimeupunguza alivyosema muuzaji wako, mshukuru. Tutatoka kesho baada ya sala ya alfajiri, maji yakianza kutoka, na adhuhuri tutakuwa tumefika. Nitafuata mchanga mbichi kama ulivyoandika. Karatasi yako naitia mfukoni.

Mwambie mama yako apike wali.

Babako,
Famau


Kambini, Mombasa
30 Oktoba 1992

Baba yangu,

Nakuamkua popote ulipo. Shikamoo. Sisi ni wazima. Bibi yu mzima, amepewa kitanda cha kamba, anagombana na majirani.

Barua yako ilifika tarehe mosi, ndani ya leso, kama ulivyosema. Fumo na mabaharia wake walimbeba Bibi juu ya godoro mpaka kwenye turubai letu. Mama alikuwa amepika wali. Akatazama nyuma yao, akatazama tena, akauliza, "Na mwenye pikipiki?"

Bibi ndiye aliyetueleza, kidogo kidogo, siku tatu. Kwamba mlikwenda vizuri mpaka jua likapanda, na wewe ulikuwa unaimba. Kwamba ilitokea gari ya wenye bunduki, mkajificha vichakani muda mrefu, maji yakageuka yakaufunika ule mchanga mgumu. Kwamba mlipotoka palibaki mchanga mkavu tu, na tairi ya nyuma ikazama mpaka kwenye mnyororo. Ulichimba kwa mikono. Kisha ukambeba mgongoni ulivyombeba kwenye pikipiki, kwa leso mbili, mpaka kwenye kivuli waliko watu wanaomngoja Fumo. Ukanywa maji. Ukasema unarudi na ubao kuinasua, mashua bado haijafika.

"Nikamwambia, Famau, acha chuma hicho," Bibi asema. "Akaniambia, Mama, hicho chuma ndicho chakula chenu cha Mombasa."

Wakasikia bunduki. Si nyingi, asema Bibi. Fumo alipofika alingoja mpaka maji ya usiku, akangoja na asubuhi yake. Mabaharia wawili walikwenda kuangalia. Waliikuta alama ndefu ya kuburutwa na nyayo za watu wengi. Pikipiki haipo, nawe hupo. Damu hawakuona, Fumo ameapa mbele ya Mama kwa Msahafu. Kwa hiyo naandika.

Mashua mbili zimekuja tangu hapo. Hazina barua.

Baba, liko jambo moja linaloninyima chakula. Nilimuuliza Bibi, pikipiki ilipozama ulisema nini. Akasema, "Alicheka. Kasema, kosa langu, Mama, nimetia upepo mwingi." Kwa hiyo Bibi amewaambia watu wote ni upepo. Na Mama ameshika hapo hapo. Kila siku bombani nasikia anawaambia wenzake: "Famau na haraka zake! Mtoto kahangaika kamtafutia tairi nzuri, yeye upepo tu ukamshinda kupima." Na usiku anakugombeza akidhani nimelala. Anakugombeza kwa hasira, Baba, kama mtu aliyechelewa kurudi. Halafu anageuka ananifunika mimi shuka.

Wewe upepo ulipunguza. Tairi uliibonyeza kwa dole gumba. Ninayo barua yako, ninao mwandiko wako.

Ulisema tuko sawa. Hatuko sawa. Wewe ulipokikana kisiwa, aliyeokoka ni wewe, ukapata kumtoa Bibi. Na huko mchangani ukanikinga mimi kwa kosa ambalo si lako, mbele ya mamako, huku mikono yako imechubuka. Mimi nimekaa mwezi mzima nikikuacha ulaumiwe bombani.

Mama hajui kusoma herufi hizi, yeye kasoma Kurani tu. Mara nyingi huniuliza nakuandikia nini, nami humwambia salamu. Kisha naingiza karatasi chini ya mkeka, akikaribia tu.

Ndiye huyo anakuja. Namjua kwa kandambili zake, moja imekatika inaburuta. Ameweka ndoo nje. Anakohoa. Barua zako zote mbili ziko mapajani kwangu na hii juu yake, na mkono wangu ulitaka kwenda kwenye mkeka, nimeukalia.

Anainua turubai. Ananiuliza naandika nini.

Nimemwambia akae, nimsomee.