Blanketi la Kijani

Kabwe, 8 Mei 2022

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na mama naye mpe shikamoo yangu. Mimi na Lazaro huku ziwani tu wazima, joto tu ndilo linalotuchosha. Tumbo limefikisha mwezi wa tano na mkunga anasema mtoto amekaa vizuri. Poleni na mavuno, poleni na baridi, maana najua huko Izia imeshaanza.

Baba, kifua cha mama kinaendeleaje? Wiki iliyopita nilimpata kwa simu ya jirani Malimi, akakohoa mara tatu kabla ya kunijibu. Nikamuuliza habari za blanketi la kijani nililompa Victor dereva wa basi amletee kabla ya Pasaka. Akasema, "Lina joto, mwanangu, mpaka usiku nalisukuma pembeni." Nilicheka peke yangu njia nzima hadi kwenye vichanja vya dagaa. Na lile la maua la mwaka juzi anasema bado zuri. Mwambie asiyaonee huruma, ajifunike yote mawili.

Nimempa Victor migebuka sita wakavu. Mama naye apate minofu, baba, isiwe wewe minofu na yeye vichwa. Nakutania.

Nina ombi moja. Barua hii ukishamsomea mama, mwachie. Usigeuze karatasi ukaandika majibu nyuma yake, ukanirudishia kama kawaida yako. Barua zote nilizomwandikia tangu niolewe ninazo mimi huku, na yeye hana hata moja.

Mwanao,
Adela

*

Izia, 17 Mei 2022

Adela,

Milele amina. Marahaba. Sisi wazima.

Nakujibu nyuma ya barua yako hii hii, kwa kuwa upande huu ulikuwa mweupe na sioni sababu ya kununua karatasi wakati karatasi ipo. Mama yako nimemsomea, amesikia yote.

Kifua ni baridi tu, jua likirudi kitapona. Mablanketi yapo, yametunzwa vizuri. Migebuka tumepokea. Mmoja tumekula, watano nimewatundika jikoni juu ya moshi. Usitume vitu ovyo, una mtoto anakuja.

Kihenge kimejaa, namshukuru Mungu.

Baba yako,
Fransisko

*

Kabwe, 11 Julai 2022

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi nimefika, miguu imevimba kwa safari, lakini mtoto anacheza.

Samahani kwamba niliondoka Izia bila kukuaga. Ulikuwa nyuma ya nyumba unaokota mahindi yaliyodondoka wakati wa kupikia waombolezaji. Nilikuona umeinama, nikashindwa kukusogelea.

Nitakuambia nilichokiona, kisha nitanyamaza. Siku ya tatu baada ya kumzika mama, shangazi alinituma nitafute kitambaa cheupe cha kuwekea picha yake. Ulikuwa unaoga, na ufunguo wa sanduku ulikuwa umeuning'iniza kwenye msumari pamoja na rozari yako. Nikafungua. Blanketi la kijani lilikuwa juu, ndani ya nailoni yake, utepe wa gundi wa dukani haujabanduliwa. Chini yake lile la maua, nalo hivyo hivyo. Umeyawekea na vidonge vya nondo.

Kitandani kwa mama kulikuwa na vitenge viwili na koti lako la zamani lisilo na kifungo.

Kwa hiyo aliniambia lina joto, na hakuwahi kuligusa. Alikulinda, baba. Alikohoa, akanidanganya, akakulinda. Ningejua ningekuja mwenyewe kumfunika.

Sijui kukasirika kwa maneno makubwa. Najua tu kwamba sitaandika tena kwa sasa. Na barua hii, nakuomba, usiandike nyuma yake. Hii ibaki kwako.

Adela

*

Izia, 9 Julai 2023

Adela mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Lazaro hajambo? Na mtoto? Victor aliniambia ni wa kike, anaitwa Faith, na ana paji la uso la marehemu. Mwaka mzima umepita nami sijakuuliza hata amezaliwa siku gani. Nisamehe kwa hilo kwanza.

Karatasi hii ni mpya. Nimenunua daftari.

Mwezi uliopita niliugua homa, nikawa siinuki. Tarehe ya mama yako ikapita nikiwa kitandani, bila misa, bila hata chai ya majirani. Mchana mmoja Malimi akaja kuniangalia, akanikuta natetemeka chini ya lile koti.

Akasema, "Wewe Fransisko, nyumba hii haina hata blanketi?"

Akauona ufunguo shingoni. Nikaushika kwa mkono.

"Unataka tukuzike nao? Sema mapema, tuchimbe kaburi lenye kitasa."

Akanivua ufunguo kama anavyovuliwa mtoto shati. Nikasikia nailoni inachanika. Akanifunika lile la kijani.

Adela, sikujua. Maisha yangu yote nimelala baridi nikadhani ndivyo watu wanavyolala. Joto lilianza miguuni, likapanda taratibu, likafika kifuani, na hapo nikaanza kulia. Malimi akadhani ni homa, akatoka kutafuta maji. Haikuwa homa. Nilikuwa namkumbuka mama yako akilala upande wa ukutani, mgongo wake ukitetemeka kwenye mgongo wangu. Nilikuwa nausikia, mwanangu. Nilikuwa nausikia, na ufunguo uko shingoni.

Sina cha kujitetea. Nilipokuwa mdogo kuna mwaka tulikula mpaka ulezi wa mbegu, na mama yangu aliniambia nisisahau. Sikusahau. Lakini kihenge changu hakijawahi kukauka tangu nioe, kwa hiyo hiyo si sababu.

Kuna jingine. Ile barua yako ya Mei, nilipomaliza kusoma, mama yako alinyoosha mkono. Akasema, "Nipe niinuse tu, ina harufu ya dagaa wa Adela." Nikampa. Akaiweka chini ya mto. Jioni nikaichukua, kwa sababu nyuma yake kulikuwa kweupe. Alilainisha tu mto pale ilipokuwa.

Barua uliyosema nisiandike nyuma yake ninayo. Sijaandika kitu.

Baba yako,
Fransisko

*

Kabwe, 20 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia umepona. Sisi wazima. Faith alizaliwa tarehe tatu Septemba, anasimama kwa kushika ndoo.

Nimeisoma barua yako. Nakuomba univumilie, sina la kusema bado.

Adela

*

Izia, 12 Novemba 2023

Adela mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Mnaendeleaje na joto? Huku mvua za kwanza zimeanza, wanawake wako kwenye matuta, na mimi kiuno ni kile kile.

Sikuandiki kukuharakisha. Naandika kwa sababu nimezoea kumsimulia mtu mambo ya siku, na huyo mtu hayupo.

Blanketi la maua nimelitoa. Chumba cha uani nimempa dada mmoja, Stumai, mumewe alimwacha na mtoto mchanga. Asubuhi moja nikamwona amemfunga mtoto kwa kanga nyepesi, mvuke unatoka vinywani mwao wote wawili. Nikalipeleka. Akaniuliza, "Babu, nilirudishe lini?" Nikataka kumwambia Jumapili. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Nikakifunga, nikaondoka.

Kutoa ni kazi, Adela, tena haina mtu wa kukufundisha ukiwa mzee. Malimi nilimpa mahindi debe mbili, nikalala vizuri, asubuhi nikaenda kudai gunia. Gunia tupu! Nimefika mlangoni kwake naona aibu, nikajifanya nimekuja kumsalimia. Akaniangalia. "Fransisko, leo salamu saa kumi na mbili?" Akaingia ndani akaleta gunia, amelikunja vizuri, alikuwa ananisubiri. Tulicheka mpaka mkewe akatoka kutuangalia. Nikamwachia.

Parokiani walipokusanya chakula cha wagonjwa nilipeleka ulezi. Katekista Clemens akauangalia mfuko, akaniuliza nimetumwa na nani.

Lile la kijani liko kitandani, silitumii. Si kwa tabia ile ya zamani, usidhani hivyo. Nalianika juani kila Jumamosi ili lisishike ukungu. Ni la kwako na Faith mkija. Baridi ya huku mtoto wa ziwani hataiweza.

Mwaweza kuja Krismasi?

Baba yako,
Fransisko

*

Izia, 19 Mei 2024

Adela mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi nipo. Krismasi imepita, Pasaka imepita, sikupata jibu, na sikulaumu. Victor husimama getini kila akipita na kunipungia mkono mtupu ili nisijisumbue kuinuka. Ni dereva mwenye utu.

Kifua kimeanza kunibana kama cha mama yako. Nimekwenda hospitali, wamenipa dawa, nakunywa. Stumai ananipikia uji asubuhi, na anautia sukari bila kuniuliza. Nimeacha kusema neno.

Nataka mama yako asomewe misa tarehe 24 Juni, ile aliyoistahili tangu mwaka wa kwanza. Ulezi wa kimea nimeshauloweka mwenyewe. Tutapika pombe, tutachinja, watu wale mpaka wasaze, na masazo waondoke nayo. Kwenye arobaini yake niliwapa watu chai ya rangi isiyo na sukari, nikawa nimesimama mlangoni naangalia nani anaongeza kikombe. Nayakumbuka macho ya shangazi yako.

Njoo, Adela. Hata kama hutaki kuongea nami, njoo ukae upande wa wanawake, nimwone mtoto kwa mbali. Nataka niwe nimemshika mara moja.

Baba yako,
Fransisko

*

Kabwe, 1 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, baba. Shikamoo tena, kwa zile zote ambazo sikukupa.

Pole na kifua. Kunywa dawa zote, usizigawe nusu ili zikae muda mrefu, nakufahamu.

Tunakuja. Mimi na Faith, tutapanda na Victor tarehe 21. Lazaro atatufuata. Sitakaa upande wa wanawake kama mgeni, nitakaa jikoni kwa mama yangu, na Faith utampakata mpaka uchoke. Ana kilo za kutosha, nakuonya.

Barua zako nimezisoma mara nyingi kuliko nilivyokuonyesha. Ile ya gunia nilimsomea Lazaro, akacheka hadi akaangusha kikombe. Nilitaka kukujibu siku ile ile. Nikasema acha kwanza. Krismasi nikasema acha kwanza. Sijui nilikuwa nasubiri nini, baba. Hasira yenyewe ilishaisha zamani.

Nimekusamehe. Naandika hivyo kwa sababu kwa mdomo nitalia.

Nakumbuka nilipokuwa darasa la pili uliniongoza kwa mkono kwenye umande kwenda shule, ukavua viatu vyako ili visiharibike, na mimi ukanibeba mgongoni ili miguu yangu isilowe. Vyako uliviokoa na mimi uliniokoa. Nimekuwa nikisimulia nusu tu ya hadithi hiyo.

Usilikunje blanketi. Acha liwe kitandani.

Mwanao,
Adela

*

Izia, 25 Juni 2024

Baba,

Sikujua nianzeje, mkono umeandika shikamoo wenyewe nikaifuta.

Naandika nyuma ya barua yangu. Upande huu ulikuwa mweupe.

Hukuisoma. Haikutoka Kabwe kabla yangu. Nilipomaliza kuiandika nilisema nitampa Victor pamoja na migebuka wazuri, na wiki ile migebuka walikuwa wadogo, nikasema acha kwanza. Ikakaa kwenye mkoba wangu, kwenye bahasha, nimeifunga vizuri. Ilikuwa mkobani Malimi aliponipigia tarehe 12. Ilikuwa mapajani mwangu ndani ya basi. Victor hakuwasha redio njia nzima.

Malimi anasema ulikuwa ukimuuliza kila basi likipita. Siku ya mwisho ulimwambia, "Ataandika, karatasi tu imemwishia." Ulinitetea, baba, kama mama alivyokutetea.

Jana tumefanya misa, yako na yake pamoja. Kimea chako kilikuwa kimekauka vizuri, Stumai na mke wa Malimi wakapika pombe. Watu walijaa hadi barabarani. Clemens katekista alisimama akasema mzee huyu alijifunza kutoa akiwa amechelewa, akajifunza kwa haraka, kisha siku zikamwishia. Kihenge kimefika chini, nimeiona sakafu yake, na wa mwisho waliondoka na masazo kama ulivyotaka. Malimi alirudisha lile gunia, limejaa mahindi yake mwenyewe. Akaliweka mlangoni, akasema, "Sasa tumelingana, Fransisko," akakaa juu yake akalia.

Faith umemkosa. Nilimsimamisha kaburini, akaweka kiganja kwenye udongo akakipigapiga, kama anavyopiga mgongo wangu ninapomlaza.

Amelala sasa hivi, ni saa nane mchana na upepo unavuma kama ninavyoukumbuka. Nimemfunika blanketi la kijani. Lilikuwa kitandani, lina harufu ya jua. Nimeingiza mkono chini yake kuangalia. Lina joto, baba. Mama hakukosea.

Sandukuni nimekuta kitu kimoja tu, barua yangu ya Julai, ile niliyokukataza. Nimeigeuza. Hujaandika hata nukta. Pembeni kuna alama ya kidole gumba, kama mtu aliyeishika mara nyingi mahali pale pale.

Hii naiweka juu yake. Sanduku silifungi.

Mwanao,
Adela