Tunda la Kuzikwa kwa Jina la Anywar

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Anywar yuko hai! Nimemsikia kwa masikio haya haya! Mwanangu anaimba rap huko duniani, na sisi hapa Gulu tunatafuta tunda la kuzika badala yake!

Nianze vizuri. Lamunu, binti wa kaka yangu, starehe yake ni kuwinda wanarap wasiojulikana, wale wanaojirekodia chumbani. Wabrazili, Wasenegali, Wajojia – sijui hata ni wapi. Leo alinikuta nasaga karanga. "Shangazi, zima mashine. Kaa kwanza." Akaniwekea simu sikioni. Wimbo mpya, umetolewa Ijumaa na Mreno mmoja mtengeneza muziki. Ngoma nzito, halafu – Kiacholi! Kinakwaruza kama cha marehemu baba yake Anywar. Jina la mwimbaji hakuna. Mimi na jina wapi na wapi? Gulu nzima nani mwingine anameza hewa vile kabla ya neno? Nimemzaa mimi huyo.

Lamunu alisema huenda ni sauti ya zamani. Nikamwambia anyamaze.

Jumanne, 6 Agosti

Shemeji Okumu, ndugu wa marehemu mume wangu, hakufurahi. Anywar alikwenda Juba miaka sita iliyopita, hakuna simu wala salamu. Sasa mjukuu wa Okumu anaanguka kifafa, na waganga wanasema ni cen ya Anywar, roho yake inazurura. Ndiyo maana ukoo unataka kuzika tunda refu la mti wa mwegea badala ya mwili, roho itulie.

"Wafu nao huimba, shemeji."

"Wa kwako labda. Wangu ametoa wimbo mpya!"

Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho. Anampenda yule mjukuu wake. Hata mimi nampenda.

Lakini tunda likishafukiwa, Anywar hatakanyaga tena boma hili. Aliyezikwa haingii kwa mlango. Akiingia, anaingia na mauti. Na anayetaja jina juu ya tunda ni mama. Nisipotaja, ni tunda tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimewasikilizisha soko zima. Akello wa dagaa akauliza, mwanao anatukana? Nikasema ndiyo, lakini sikia anavyotukana kwa mpangilio! Wakacheka. Halafu mmoja mmoja wakahama meza yangu, kama wanaikimbia sauti ya mfu. Karanga zimelala.

Nimeisukumia simu chini ya gunia. Imezimwa. Bado namsikia.

Jumatatu, 12 Agosti

Mreno amemjibu Lamunu! Alitumiwa sauti mwezi wa tano, mwaka huu, na mtu asiyejitaja. Tangu hapo anamwandikia – kimya. Lakini mwaka huu! Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Okumu akauliza polepole. Nani alituma? Mwenye sauti, au aliyeokota simu ya mwenye sauti?

Nimemchukia kwa swali hilo. Limeingia nami ndani, limekaa.

Jumatano, 14 Agosti

Nilikuwa naukata wimbo mapema, kumbe. Leo nimeuacha uishe. Ngoma inakoma, mtu anakohoa, mlango unafungwa. Basi. Anatoka au anaingia? Nimerudia hadi Lamunu akaninyang'anya simu. "Shangazi, utaumwa."

Jioni Okumu akaja. Mtoto ameangukia jikoni, mkono wote umeungua. Hakunilaumu. Aliketi kizingitini, akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. Mzee mzima!

Nikasema mwenyewe: chimbeni.

"Na jina utalitaja, Mama Anywar?"

Nikamwambia ulezi wa pombe ya mazishi umeshaota, hauwezi kurudi kuwa mkavu. Akasema hajaulizia ulezi.

Anajua sauti yangu ni kubwa. Nikitaja, ukoo mzima utasikia, na huko aliko, kama yuko, sijui atahisi nini. Nikinyamaza, mtoto yule ataanguka tena mbele yangu.

Shimo liko tayari nyuma ya ghala. Dogo, kama la kupandia mgomba. Wajomba wanatoka Kitgum, dada zangu Pader. Wenzake Lamunu wanataka kuja na spika, wampigie wimbo wake, na Okumu hakukataa. Wote wanakuja Jumamosi, kusikia kama nitataja.