Neno "ua"

Kijiji cha Titye, Jumanne usiku

Ningechagua neno jingine tu. Kaa, paa, panda, yapo mengi.

Somo lilikuwa maneno ya sauti moja yenye maana tofauti, darasa la pili. Nilichora ua ubaoni, nikaomba sentensi.

"Ua la mama ni jekundu," akasema Neema.

Ndipo akasimama Evelina, yule aliyeletwa kwa bibi yake mwezi uliopita.

"Wale watu walimuua baba yangu."

Mdomo wangu ukatangulia, kwa mazoea: "Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Darasa zima likampigia. Akaketi, macho kwangu, akisubiri niseme kitu kingine.

Nikageuka nikafuta ubao.

Kesho atakuja tena, atakaa dawati la mbele. Nimejaribu sentensi nyingi za kumwambia tangu jioni, na kila moja nimeifuta.